Bessel: Aliacha shule na miaka 14, leo hesabu zake zimo kwenye simu yako

Ngoma ikipigwa Wingwi, kaskazini mwa Pemba, ngozi yake haitetemeki ovyo ovyo. Mtikisiko una mpangilio, na hesabu za mpangilio huo zina jina la Mjerumani mmoja: Friedrich Wilhelm Bessel.

Alizaliwa Minden mwaka 1784. Shuleni Kilatini kilimshinda, na akiwa na miaka 14 akaacha masomo.

Mwaka 1799 alipelekwa Bremen kujifunza biashara kwa mkataba wa miaka 7. Ndoto yake ilikuwa kusafiri na meli za mizigo. Basi usiku, kazi ikiisha, akawa anasoma lugha, jiografia na namna ya kuongoza chombo baharini.

Kumbe nyota zikamteka. Mwaka 1804 alikokotoa njia ya kimondo cha Halley kwa vipimo vya mwaka 1607. Mtaalamu Wilhelm Olbers aliposoma kazi ile alishangaa.

Mwaka 1806 ikabidi achague: abaki kwenye biashara yenye pesa, au aende Lilienthal kuangalia nyota kwa malipo kiduchu. Akachagua nyota.

Baadaye aliitwa Königsberg kuongoza kituo cha nyota. Tatizo, hakuwa na shahada. Carl Friedrich Gauss akampigia debe, na Chuo Kikuu cha Göttingen kikampa udaktari wa heshima.

Mwaka 1838 alitangaza jambo lililowashinda wengi: umbali wa nyota, 61 Cygni. Jaribu hivi: inua kidole, funga jicho moja, kisha jingine. Kidole kinaonekana kuhama. Bessel alitumia mzunguko wa Dunia badala ya macho mawili. Alipata kama miaka 10 ya mwanga; vipimo vya leo vinasema 11.4.

Na zile fomula? Bernoulli na Euler walishazigusa kabla yake, na Euler alizitumia kwa ngozi ya ngoma. Ila Bessel ndiye aliyezipanga vizuri mwaka 1824, akichunguza jinsi sayari zinavyovutana. Alikokotoa yote kwa mkono.

Leo mtengeneza programu wa lugha ya C hahangaiki. Kwenye maktaba ya hesabu, math.h, zimo j0, j1 na jn, pamoja na y0, y1 na yn. Akiandika j0(2.4048), jibu ni karibu kabisa na sifuri. Kwa ngoma, sifuri hiyo ndiyo ukingo, pale ngozi ilipofungwa isitikisike. Maktaba ya simu za Android nayo inazo.

Mwaka 1844 Bessel alisema Sirius ina mwenzake asiyeonekana. Alifariki Machi 17, 1846, akiwa na miaka 61. Nyota hiyo ilionekana kwa darubini mwaka 1862, miaka 16 baada ya yeye kuzikwa.