Arthur Loveridge na Milima Miwili

Mtu asimamaye mjini Morogoro asubuhi huiona milima ya Uluguru upande wa kusini, na mara nyingi vilele vyake havionekani kwa sababu ya mawingu. Mawingu hayo hutoka Bahari ya Hindi, nayo ndiyo yanyweshayo msitu ulio juu. Kule juu kuna ukungu, baridi na majani mabichi mwaka mzima. Lakini chini, pande zote, ni uwanda wa jua kali na nyasi kavu. Mwanadamu huupita uwanda huo kwa miguu yake, ila chura mdogo wa msituni hawezi, maana ngozi yake hukauka akafa. Kwake yeye uwanda ni kama bahari, na mlima ni kama kisiwa. Jambo hilo lilichunguzwa kwa subira nyingi na Arthur Loveridge.

Loveridge alizaliwa tarehe 28 Mei 1891 katika mji wa Penarth, nchi ya Wales. Tangu utoto wake alipenda kukusanya viumbe, hata nyoka, na alipokuwa mtu mzima aliifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Mwaka 1914 alikuja Nairobi kuitunza nyumba ya makumbusho. Mara vita vikatokea kati ya Waingereza na Wajerumani, naye akaingia katika jeshi la wapanda farasi. Jeshi la Waingereza lilitwaa Morogoro mwezi wa Agosti 1916, na Loveridge naye alifika huko. Hata vitani hakuacha kukusanya mijusi na vyura.

Vita vilipokwisha akapata kazi katika idara ya wanyama wa porini, akakaa Kilosa, magharibi ya Morogoro. Wenyeji walimletea viumbe, naye aliwalipa. Kila kiumbe alikiandikia kikaratasi: mahali kilipopatikana, na siku gani. Kazi hii ya kuandika huonekana ndogo, kumbe ndiyo iliyo kubwa, kwa kuwa chura aliye ndani ya chupa bila jina la mahali pake hana faida kwa mchunguzi. Mwaka 1922 chozi mmoja wa milima ya Uluguru, ndege mdogo anywaye maji matamu ya maua, alipewa jina la Loveridge.

Mwaka 1924 akaenda Marekani, katika makumbusho ya wanyama ya chuo kikuu cha Harvard. Lakini milima ya Morogoro haikumtoka moyoni. Mwaka 1926 alirudi, akapanda Uluguru, akapiga kambi Vituri, Nyange na Bagilo. Kazi ilikuwa kupindua magogo yaliyooza, kufukua majani makavu, kupasua mianzi, na kutazama kati ya majani ya migomba, mahali pakaapo maji ya mvua. Kisha akashuka, akasafiri zaidi ya kilometa 200 kwenda upande wa kaskazini na mashariki, akapanda milima ya Usambara, akafanya vile vile.

Mwaka 1928 yeye na mkuu wake, Thomas Barbour, walitoa kitabu cha kulinganisha wanyama watambaao na vyura wa milima hiyo miwili. Hapo fumbo likaonekana wazi. Wanyama wengi wa Uluguru wafanana na wa Usambara kama ndugu, lakini baadhi yao si sawasawa. Mfano mmoja ni vyura weusi wadogo wasiofikia sentimeta 4. Mmoja ni wa Uluguru, mwingine ni wa Usambara. Wote wawili viluwiluwi vyao hukua katika yale maji machache ya ndani ya mianzi na migomba, wala hawaendi mtoni. Desturi hii ni ya ajabu mno, hata ni vigumu kuamini ya kuwa ilianza mara mbili mbali mbali. Basi yumkini babu yao alikuwa mmoja. Mbona sasa ni aina mbili?

Jibu lake latokana na fikira za Mwingereza Charles Darwin, aliyetoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1859. Mkulima Mluguru akivuna mahindi huchagua magunzi mazuri ya mbegu, na baada ya miaka mingi mahindi ya shamba lake hubadilika. Msituni hakuna mkulima. Lakini vyura huzaa wana wengi kuliko wawezao kuishi, na wana hao hawafanani kabisa. Mmoja huvumilia baridi kidogo kuliko mwenzake. Mwingine rangi yake humficha zaidi machoni pa nyoka. Afaaye mahali pale huishi akazaa, naye huwarithisha wanawe hali yake; asiyefaa hufa mapema. Chura mwenyewe habadiliki maishani mwake. Kizazi ndicho kinachobadilika, polepole sana. Zamani za mvua nyingi misitu ilienea zaidi; nchi ilipokauka, ilibaki vileleni tu. Vyura wa huku hawakuzaana tena na wa kule. Kila mlima ukachuja watu wake, na mabadiliko mengine yakatokea kwa bahati tu, hata baada ya maelfu mengi ya miaka ndugu wakawa aina mbili.

Yuko na chura mwingine, aliyejulikana kabla ya Loveridge, asiyetaga mayai hata kidogo. Mama huchukua wana tumboni, akazaa vyura wadogo kamili. Wataalamu hufikiri ya kuwa katika miteremko mikali, ambako vidimbwi ni vichache na mvua hukokota kila kitu, mama wa namna hii alipoteza wana wachache kuliko wengine.

Loveridge hakuwa mtu wa kubuni mafundisho makubwa. Alihesabu, alipima, aliandika. Wala hakuona yote: kati ya vyura wazaao, waliodhaniwa kuwa aina moja, ilitambuliwa mwaka 1971 aina nyingine ya Uluguru, nayo ikapewa jina lenye maana ya aliyefichika.

Katika safari ile ya 1926 alipata pia ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, aliyepewa jina mwaka 1927. Ndege huyo hakai penginepo duniani ila Uluguru, katika miti mirefu. Miti hiyo imekatwa sana kwa mashamba na kuni, naye sasa ni adimu mno. Akitoweka hapo, hakuna mlima mwingine wa kumrudisha kutoka kwake. Mwaka 2008 serikali ya Tanzania iliutangaza msitu wa Uluguru kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Loveridge aliacha kazi mwaka 1957, akahamia Saint Helena, kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Atlantiki, akaendelea kuandika habari za viumbe vya huko. Akafa huko mwaka 1980. Chupa zake zingali Harvard, na juu ya vikaratasi vyake yasomeka majina ya Vituri, Nyange na Bagilo.