Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Wengi wetu katika shule hii ni watoto wa wakulima wa pamba. Kila msimu tunaona mizigo ikiwekwa juu ya mizani, na baba zetu wakiitazama kwa makini. Basi ni vema tumjue mtu aliyewahimiza wakulima wasimwachie mwingine mizani hiyo.

Marehemu Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Alisoma Nassa, ambako leo ni katika mkoa wetu wa Simiyu, kisha Ikizu. Alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika mjini Mwanza.

Siku zile pamba ilinunuliwa na wenye viwanda vya kuichambua, wengi wao Wahindi. Mizani ilikuwa yao, na mkulima asiyejua kusoma hakuweza kujua kama amepunjwa. Watu walinung'unika sana. Bomani aliona ya kuwa manung'uniko peke yake hayaongezi ratili hata moja. Akazunguka Usukuma akiwaomba wakulima waungane na kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusomea ushirika huko Loughborough. Mwaka 1955 vyama viliungana kuwa Victoria Federation, naye akawa meneja wake.

Kumbukeni ya kuwa TANU ilikatazwa Usukuma tangu mwaka 1954 hata 1958. Lakini ushirika haukukatazwa. Humo wakulima walijifunza kuchagua viongozi, kutunza hesabu na kusema mbele ya mkutano. Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, walikuwa wamekwisha zoea kujitawala katika jambo moja kubwa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, na baadaye balozi wetu Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Ushirika wenyewe haukukosa misukosuko. Viongozi wengine walilaumiwa kwa kuwapunja wanachama wao, na mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vyote vya namna hiyo, vikarudishwa miaka ya themanini. Hapo ndipo tunapopata fundisho: mizani huhitaji kutazamwa hata ikiwa mikononi mwa ndugu zetu. Sisi tuliojaliwa kusoma tarakimu, kazi hiyo ni yetu.