Enheduanna: Kuhani wa Uru na Malenga wa Inanna

Mtunzi wa kwanza ulimwenguni ambaye jina lake limehifadhiwa pamoja na tungo zinazohusishwa naye hakuwa Mgiriki, wala hakuwa mwanamume. Alikuwa Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akadi, aliyeishi kusini mwa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, katika karne ya 23 K.K. Homer, ambaye kozi nyingi za fasihi ya ulimwengu huanza naye, alikuja miaka ipatayo 1,500 baadaye.

Sargon alitawala takribani kuanzia mwaka 2334 hadi 2279 K.K. Aliishinda miji ya Wasumeri mmoja baada ya mwingine, kisha akakabiliwa na tatizo linalomkabili kila mshindi, kwamba upanga huweza kuutwaa mji lakini hauwezi kuufanya utii ukiwa umelala. Wasumeri walikuwa na miungu yao, mahekalu yao, na lugha yao isiyo na nasaba na lugha nyingine yoyote inayojulikana. Sargon na watu wake walisema Kiakadi, lugha ya Kisemiti iliyo ndugu wa mbali wa Kiarabu na Kiebrania. Katika mji wa Uru, ule ambao wasomaji wa Biblia wanaufahamu kama alikotoka Abrahamu, mfalme hakutegemea liwali na askari peke yao. Alimsimika binti yake awe kuhani mkuu wa Nanna, mungu wa mwezi na bwana wa mji huo.

Enheduanna si jina alilopewa utotoni. Ni jina la cheo, na kwa Kisumeri lina maana ya kuhani mkuu aliye pambo la mbingu. Aliyeshika cheo hicho alihesabiwa kuwa mke wa Nanna. Ndoa hiyo imewatia watu wengi wa baadaye katika dhana zisizo na msingi. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 K.K., alisimulia habari za wanawake wa Babeli waliotoa miili yao hekaluni, na kutokana na masimulizi yake pakazuka picha ya Mashariki ya kale kuwa nchi ya makahaba watakatifu. Wataalamu wa leo, hasa baada ya utafiti wa Stephanie Budin uliochapishwa mwaka 2008, wengi wao wameitilia shaka picha hiyo au kuikataa kabisa. Kwa upande wa Enheduanna, ushahidi unaonyesha jambo jingine. Umesalia mhuri wa msusi wake, wa msimamizi wa nyumba yake, na wa mwandishi wake. Mke wa mungu alikuwa mtu mwenye makao rasmi yaliyoitwa giparu, mwenye watumishi na mamlaka. Uke wake ulikuwa sehemu ya cheo chenyewe: Nanna alikuwa mungu wa kiume, na palipohitajika mwenzi wake duniani, mwanamume hakufaa.

Hata hivyo, moyo wa Enheduanna kama mtunzi haukuelekea kwa mumewe wa mbinguni. Ulielekea kwa Inanna, binti wa Nanna, ambaye Waakadi walimwita Ishtar. Huyu ndiye nyota ya Zuhura, inayotangulia jua asubuhi na kulifuata jioni. Alikuwa mungu wa ashiki na wa vita kwa pamoja. Katika nyimbo za mapenzi za Wasumeri, ambazo si za Enheduanna, Inanna huusifu mwili wake bila haya, huulinganisha na shamba linalongoja jembe, na humwita Dumuzi mchungaji aje kulilima. Msomaji anayezifahamu nyimbo za unyago hatashangazwa na tamathali hiyo. Ashiki kwa Wasumeri ilikuwa nguvu ileile iotayo katika shayiri na kujaa maziwa zizini, na kwa sababu hiyo ilistahili kuimbwa mbele ya madhabahu. Wafalme kadhaa wa baadaye waliimbwa kuwa waume wa Inanna. Iwapo ndoa hiyo ilitendwa kweli katika ibada au ilibaki katika ushairi tu, wataalamu wangali wanabishana.

Enheduanna anapomwimba Inanna hajifungi katika mapenzi. Katika utenzi wa mistari 274, ambao mwisho wake umeharibika, anayahesabu mamlaka ya mungu huyu: kujenga na kubomoa, kupenda na kuchukia, kumpa mtu mke na watoto, hata kumgeuza mwanamume kuwa mwanamke na mwanamke kuwa mwanamume. Miongoni mwa watumishi wa Inanna walikuwamo watu waliokuwa nje ya mipaka ya kawaida ya jinsia, na utenzi huo unawataja bila kuwadhihaki.

Maisha ya kuhani huyu yalifikia kilele cha dhiki katika enzi ya Naram-Sin, mpwa wake na mjukuu wa Sargon. Miji mingi iliasi kwa pamoja. Huko Uru akainuka mtu aliyeitwa Lugal-Ane, akajitangaza mfalme, akamfukuza Enheduanna kutoka giparu. Habari hizi zinapatikana katika utungo wake mashuhuri zaidi, uitwao Nin-me-shara, wenye mistari 153. Humo anasimulia jinsi mwasi alivyomvua taji la ukuhani, akamkabidhi kisu kana kwamba kilichombakia ni kujiua, na kumwacha atangetange penye miiba ya nchi ngeni. Mistari fulani inasomwa na baadhi ya wafasiri kama ishara kwamba Lugal-Ane alimwingilia au alitaka kumwingilia. Kwa mwanamke aliyekuwa mke wa mungu, hilo lingekuwa shambulio juu ya mwili wake na juu ya hekalu kwa wakati mmoja.

Alimlilia Nanna, na Nanna akanyamaza. Hapo ndipo utungo unapogeuka. Kuhani anamwacha mume asiyejibu na kupeleka shauri lake kwa Inanna, akimtaka atwae hukumu ambayo baba yake ameshindwa kuitoa. Kisha anafanya jambo ambalo mtawala yeyote wa Akadi angelifurahia na ambalo makuhani wa kale wa Uru huenda lingewatetemesha: anamtangaza Inanna kuwa mkuu kupita miungu mingine, hata kupita An, mungu wa mbingu. Siasa imo, kwani Ishtar ndiye aliyekuwa mlezi wa ukoo wa Sargon. Lakini siasa peke yake haielezi uchungu wa mistari ile. Karibu na mwisho mtunzi anasimulia namna utungo wenyewe ulivyopatikana. Alikesha usiku wa manane akiwa amejazwa maneno hata yakamzidi, akauzaa wimbo kama mama azaavyo mwana, ili mwimbaji aurudie adhuhuri. Watunzi wa tenzi wa pwani yetu wana desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, lakini wengi hutaja jina na tarehe. Enheduanna alitaja kazi yenyewe ya kutunga, akaifananisha na uchungu wa kujifungua. Tumbo la mke wa Nanna lilizaa wimbo.

Naram-Sin aliushinda uasi. Utungo unafungwa kwa kuonyesha kwamba Inanna ameridhika na kuhani amerudi mahali pake, amevikwa tena fahari yake. Baada yake, binti wa Naram-Sin aliyeitwa Enmenanna alishika kiti hicho, na wafalme waliofuata wakaendelea kuwasimika binti zao huko Uru. Desturi ilipokwisha kufifia, Nabonidus, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliifufua katika karne ya 6 K.K. kwa kumweka binti yake kuwa kuhani wa Nanna, zaidi ya miaka 1,600 baada ya Enheduanna.

Tungo zake ziliokolewa na wanafunzi. Katika karne ya 18 K.K. Kisumeri kilikuwa hakisemwi tena majumbani. Kilibaki lugha ya shule, na vijana waliosomea ukarani waliinakili Nin-me-shara kwenye vibao vya udongo kwa mwandiko wa kikabari. Nakala zipatazo 100 za utungo huo zimepatikana, nyingi zikiwa na makosa ya wanaojifunza. Umbali huo wa karne tano kati ya mtunzi na nakala ndio unaowafanya baadhi ya wataalamu kushuku kama kweli aliandika yeye. Mkusanyo wa nyimbo 42 za mahekalu unaohusishwa naye una wimbo mmoja wa hekalu la mfalme Shulgi, aliyetawala muda mrefu baada yake, kwa hiyo mikono mingine iliongeza. Kwamba aliishi na kushika cheo, lakini, hakuna shaka. Mwaka 1927 Leonard Woolley alichimbua huko Uru kisahani cha alabasta kilichovunjika vipande, ambacho sasa kimo Philadelphia, Marekani. Upande mmoja wanaonekana watu wanne katika ibada ya tambiko, na kuhani wa kike ndiye aliyechongwa kwa ukubwa zaidi. Upande wa pili maandishi yanamtaja kwa jina, kuwa mke wa Nanna na mtoto wa Sargon, aliyemjengea Inanna madhabahu.

Chapa ya kitaalamu ya Nin-me-shara iliyotolewa na Hallo na van Dijk mwaka 1968 ilimfikisha kwa wasomaji wapya. Kuanzia miaka ya 1970, wanawake wa Marekani na Ulaya waliochoshwa na dini zenye Mungu asemwaye kwa jinsi ya kiume walianza kumwita Inanna katika ibada zao, na Enheduanna akawa kwao mama wa imani. Wanachokitafuta wanakipata: mwili wa kike usiotiwa aibu, ashiki iliyo takatifu. Lakini upo pia utungo wa mistari 184 unaonasibishwa naye, ambao ibada hizo hazina mahali pa kuuweka. Inanna anapita karibu na mlima Ebih, mzuri na wenye kuzaa matunda, nao haumwinamii. Anakwenda kwa An kuomba ruhusa ya kuuadhibu. An anakataa. Inanna anarudi kwenye mlima, anaushika shingo kana kwamba anang'oa nyasi, na kuuchoma kisu ndani yake.