Karcher, jamaa aliyesikiliza mwangwi wa miamba

Hebu toa simu mfukoni uiangalie. Ukifuata historia ya chipu iliyo ndani, utamfikia jamaa mmoja wa Oklahoma, Marekani, aliyelipua baruti ardhini ili anase mwangwi wa miamba.

Huyo ni John Clarence Karcher, aliyezaliwa 1894. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kazi yake ilikuwa kusaka mizinga ya adui kwa kupima sauti zake. Akagundua kuwa mawimbi mengine hupitia ardhini, yakigonga mwamba yanarudi. Ukipima muda, unajua mwamba uko kina gani.

Sasa ona ujanja wake. Agosti 1921, yeye na wenzake hawakukimbilia kusaka mafuta. Walienda milima ya Arbuckle, ambako matabaka ya miamba yalikuwa yanajulikana tayari. Kipimo chao kikaingiana na miamba.

Unadhani alitajirika papo hapo? Wapi! Bei ya mafuta iliporomoka, wateja wakatoweka, kampuni ikafa. Karcher akarudi kuajiriwa. Mwaka 1925 Everette DeGolyer, mwanajiolojia wa mafuta, akamtafuta waanze upya, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ya ishirini mbinu yake ilikuwa inaonyesha watu pa kuchimba.

Wanajiofizikia wa leo bado wanafuata ujanja wa Arbuckle. Wimbi likirudi, kilele chake kinaweza kuwa kimesogea, au kimepinduka kikawa bonde. Hiyo ndiyo fezi ya wimbi, na ukiangalia mchoro pekee unaweza kudanganyika. Kwa hivyo wanashusha vifaa kisimani, wanapima kasi ya sauti na uzito wa mwamba, kisha wanatumia vipimo hivyo kutengeneza wimbi la mfano. Wanaligeuza kidogo kidogo hadi lifanane na lile lililonaswa juu. Ukikosea hapo, unachimba kando ya mafuta, na kisima kimoja humeza mamilioni ya dola.

Na simu yako je? Mwaka 1930 Karcher na Eugene McDermott walianzisha kampuni ya kupima ardhi, GSI. Aliiuza 1941. Miaka kumi baadaye ikaitwa Texas Instruments, na humo ndimo Jack Kilby alitengeneza chipu yake ya kwanza mwaka 1958. Karcher alifariki 1978.

Kwa hivyo ukibuni kitu chako, kijaribu kwanza pale unapolijua jibu. Halafu ndio ukiamini gizani.