Medgar Evers na Mjane Asiyenyamaza

Medgar Evers alizaliwa mwaka 1925 mjini Decatur, katika jimbo la Mississippi, Marekani. Katika Vita Kuu ya Pili aliitumikia nchi yake huko Ufaransa. Lakini aliporudi kwao, Wazungu wenye silaha walimzuia asipige kura, kwa kuwa yeye ni mtu mweusi. Hakulipa kisasi. Tangu mwaka 1954, akiwa katibu wa chama cha NAACP jimboni humo, alizunguka vijijini kuandikisha wapiga kura, akachunguza na mauaji ya kijana Emmett Till. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la Kenyatta, kwa kumheshimu kiongozi wa Kenya.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963 alipigwa risasi mgongoni mbele ya nyumba yake mjini Jackson, mkewe na watoto watatu wakiwamo ndani. Maelfu ya watu walimsindikiza, naye akazikwa kwa heshima za kijeshi huko Arlington.

Byron De La Beckwith alishtakiwa mara mbili mwaka 1964. Wazee wa baraza, wote wanaume Wazungu, hawakuafikiana, akaachiliwa. Lakini Myrlie, mjane wa marehemu, hakuchoka kudai. Tarehe 5 Februari 1994 baraza la weusi na weupe lilimtia muuaji hatiani; akafungwa maisha, akafa kifungoni mwaka 2001.

Wasomaji wapenzi, haki iliyocheleweshwa haikufa, kwa sababu mtu mmoja alikataa kunyamaza. Nasi tusinyamaze jirani anapoonewa kwa rangi au kabila lake.