Reisswitz: mwanajeshi aliyempa mwamuzi kiti mezani

Ukicheza bao, au isolo kama tunavyoliita huku Migato, unaziona kete zote za mpinzani wako. Leo tunawaletea habari za mtu aliyeunda mchezo ambao mpinzani humwoni mpaka akukaribie.

Georg von Reisswitz alizaliwa mwaka 1794, akawa ofisa wa jeshi la Prusia, dola ambalo baadaye liliiunda Ujerumani. Baba yake alikuwa na mchezo wa vita wa mezani. Mwaka 1824 kijana akautolea kanuni mpya.

Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi. Mwamuzi hakumchagulia mtu njia. Alipima mwendo wa askari kwenye ramani, akarusha dadu kujua hasara, kisha akamweleza kila mmoja yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Aliyeamua vibaya hakuokolewa, na aliyeamua vizuri hakunyimwa ushindi.

Jenerali Müffling alianza kuutazama mchezo huo bila hamu, akamaliza kwa kuupendekeza kwa jeshi zima. Lakini Reisswitz hakufaidi. Alihamishiwa Torgau, mbali na Berlin, na mwaka 1827 akajitoa uhai, hata miaka 40 hajafika.

Mwamuzi wake hakufa naye. Mwaka 1974 ulitoka Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, wenye msimamizi wa aina hiyohiyo: mchezaji anaamua atakachofanya, msimamizi anamweleza kilichotokea, bila upendeleo.