Abu Raihan Al-Biruni na Mzunguko wa Ardhi

Wengi wetu tulioko Pwani tuna watoto na jamaa Nairobi, huko Kawangware na Kibera, mtaa ulioasisiwa na askari Waislamu wa Kinubi waliotoka Sudani. Vijana hao wakifika madarasa ya juu ya sekondari hukutana na somo la mwendo wa duara katika fizikia, na si haba wanaolidhani kuwa ni ilimu ya wageni, isiyowahusu wao wala wazee wao. Yafaa basi tumtaje mtu aliyejishughulisha na jambo hili yapata miaka elfu iliyopita.

Naye ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, aliyezaliwa mwezi wa Dhulhija mwaka 362 wa Hijra, sawa na 973 Miladi, katika nchi ya Khwarizmi, ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistan. Alisomeshwa hisabu na falaki na Abu Nasr Mansur. Mwaka 997 alipatana na Abul-Wafa aliyekuwa Baghdad, kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi katika mji wake na aandike saa yake. Kwa tofauti ya saa hizo walipata kujua miji yao imeachana kiasi gani, mashariki kwa magharibi.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizmi, na Al-Biruni akachukuliwa Ghazna pasi na hiari yake. Msiba huo hakuufanya udhuru wa kuacha kusoma. Alifika Bara Hindi, akajifunza Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wa huko na kuwauliza, kisha yapata mwaka 1030 akatoa kitabu kikubwa kuhusu nchi ile, akieleza itikadi zao kwa insafu ingawa hakuzifuata.

Huko, katika ngome ya Nandana iliyomo Pakistan ya leo, aliipima ardhi bila ya kuizunguka. Kwanza aliupima mlima kwa pembe mbili, akaona urefu wake ni dhiraa zipatazo 652. Halafu alipanda kileleni, akatazama mahali mbingu na nchi zinapokutana, akakuta macho yake yameinama kwa dakika 34 za daraja, yaani zaidi kidogo ya nusu daraja. Kwa urefu ule na pembe ile alihesabu masafa ya kutoka kitovu cha ardhi hadi usoni pake, na hesabu yake yakaribia sana kilomita 6,371 tuzijuazo leo.

Palikuwa na suala jingine: je, ardhi yenyewe yazunguka? Alieleza kuwa wako Wahindi waliosema ndiyo, na wapinzani wao wakajibu kwamba lau ingekuwa hivyo, mawe na miti vingeanguka kutoka juu yake. Akataja pia rai ya Brahmagupta kuwa hilo si lazima, kwani vitu vizito vyote huvutwa kwenye kitovu cha ardhi. Yeye mwenyewe aliandika kuwa hesabu za falaki haziharibiki kwa ardhi kuzunguka, na kwamba jambo hilo ni gumu kulitatua. Hakujidai kulijua asilolithibitisha.

Jawabu lilipatikana katika karne ya 17, kwa kazi za Huygens na Newton, na leo kijana wa Kibera aweza kulitoa kwa kamba na jiwe. Akilizungusha, kamba hulivuta jiwe daima kuelekea mkononi. Akiiachia, jiwe halifuati duara tena, bali hukimbia moja kwa moja. Ndiyo sababu matatu ya Kawangware ikikata kona kwa kasi, abiria hujiona anasukumwa nje: mwili wake wataka kwenda sawasawa, na gari ndilo linalopinda.

Sasa na achukue kipimo cha ardhi. Mzingo wake ni kilomita zipatazo 40,000. Akigawa kwa saa 24, ataona kuwa Nairobi na Mombasa pia, kwa kuwa zi karibu na Ikweta, zinazunguka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,660 kwa saa. Mbona basi haturushwi? Akizidisha kasi kwa kasi na kugawa kwa nusu ya kipenyo cha ardhi, ataona kuwa mvuto unaohitajika kutushika katika duara hilo ni kama sehemu moja tu katika 290 ya mvuto wa ardhi. Kamba yetu ni madhubuti mno.

Al-Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka 1048. Imesimuliwa kuwa akiwa katika sakarati alimwuliza faqihi aliyemzuru mas'ala ya mirathi, akaona ni bora kuiaga dunia akiijua kuliko kuiaga akiwa hajui. Na yule faqihi kabla hajafika mbali alisikia vilio. Basi mzazi ambaye mwanawe ataka kuiacha fizikia kwa kuiona ya wengine, na amsimulie habari ya mtu huyu, kisha ampe kamba na jiwe. Mwenyezi Mungu Amrehemu.